Dimbwi Alilofukia Haddrell

Shangazi Mereana si mtu wa kelele. Akikuchukia hakutukani, anakuwekea kinyongo. Colin Haddrell, jirani yetu mfuga ng'ombe, aliwekewa mwaka mzima.

Ilianza majira ya baridi ya huku kwetu kusini, kuaka, ndege wetu wa pwani, wakiwa wamekwenda kutaga Alaska. Haddrell alileta katapila akalifukia dimbwi walilopumzikia bahari ikijaa, akapanda nyasi. Mjomba Rāwiri, mume wa Shangazi, akamshtaki kwenye halmashauri. Haddrell akasimama ukumbini akasema pale ni malisho tangu enzi za baba yake, na mzee huyu ni mwongo. Watu wakacheka. Mjomba akafa kabla kuaka hawajarudi, akazikwa na jina hilo la mwongo.

Sasa, Shangazi ndiye huwashika kuaka kwa mikono yake, watafiti wakiwafunga mgongoni kile kidude kinachozungumza na setilaiti. Siku moja akamwambia Ngaio, mmoja wa watafiti hao, "Mwanangu, nitolee njia za ndege hawa, za miaka yote. Na picha za huko juu."

Ngaio alipoziona akashika mdomo. "Shangazi, tumpigie Haddrell simu, ayamalize kimyakimya."

"Mpigie. Halafu usinywe tena chai yangu."

Haddrell alipoomba kibali cha kujenga nyumba pale, ukumbi ukajaa. Shangazi akainuka, mpole kama anayeuliza bei ya viazi.

"Colin, jirani yangu, pale hapajawahi kuwa na maji?"

"Hata tone, Mereana."

"Hata bahari ikifurika?"

"Nimesema hata tone! Unataka niape?"

"Apa, baba. Apa wakusikie."

Akaapa. Ndipo Ngaio akawasha mashine, picha zikatokea ukutani. Dimbwi linang'aa kama sahani, mwaka baada ya mwaka, na alama za kuaka zimesongamana juu yake kila maji yalipojaa. Picha ya mwisho, udongo mtupu, na kando yake katapila dogo kama mende.

"Na hilo, Colin, aliliegesha baba yako?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Haddrell akatafuta kiti.

"Usikae. Wa nyuma hawajakuona."

Akanyimwa kibali, akaamriwa auondoe udongo wote. Juma lililofuata akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mereana, nisamehe. Nilimkosea Rāwiri."

"Ulimkosea hapa jikoni kwangu?"

"Hapana. Mbele za watu."

"Umejijibu."

Jumapili akaja kwenye jumba la ukoo. Tulikaa wote, na wanawe Haddrell pia. Ukutani zimepangwa picha za marehemu wetu. Haddrell akasimama mbele ya picha ya Mjomba, masikio mekundu, akanong'ona kwamba maji yalikuwapo, na mwongo alikuwa yeye mwenyewe.

Nilimtazama Shangazi, nikidhani atalia. Alikuwa amekunja mikono.

"Pandisha sauti, Colin," akasema. "Hajakusikia."