Filme Yenye Amisi Ametafuna

Leo jirani yangu amekula filme. Ndiyo, na meno!

Mimi njo mupiga picha wa kwanza hapa Kasuku, hakuna wa kubisha.
Wakati wa vita, walipomukata mudogo wangu Yuma na mapanga pale njiani, wengine walikimbia. Mimi nilipiga picha kwa tundu ya dirisha.
Ilikuwa mbali, sura hazionekane. Nikaficha filme, ule mukanda wa picha, ndani ya ukuta.

Leo binti yangu Zaina ameiweka kwa skana, ile mashini ya kuingiza picha ndani ya ordinatere, ni kusema kompyuta. Amisi, ule jirani mwenye tunakula naye sahani moja, akaja kuchungulia.

"Mukubwa, acha wafu walale."
"Nyamaza, tazama kazi ya fundi!"

Zaina akakuza picha.
Yuma chini, damu tupu. Mwenye kumukanyaga shingo, panga mukononi, njo Amisi.

Akamusukuma Zaina ukutani, akanyakua filme, akatafuna. Nikamuchapa mpaka fimbo ikavunjika. Akacheka, damu mudomoni:
"Sasa uko na nini, mzee?"

Wandugu, anazani ni kama zamani, filme ikikufa na picha imekufa.

Picha ilibakia ndani ya ordinatere, njo hii hapa chini.
Mwenye anajua ile sura, aandike.