Usipa Uliofukuzwa Kwenye Jengo la Maduka

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke kando kidogo, haitapoa. Nataka kukusimulia mchana mmoja ambao baba mkwe wangu alikataa kunawa mikono mbele ya chakula. Nimeona harusi nyingi na misiba mingi, lakini mchana ule naukumbuka kuliko yote.

Nikuambie mapema kwamba nina hasira. Mmezoea kuniona bibi wa kucheka, na kucheka nitarudi kucheka, ila si leo. Wiki iliyopita tuliitwa kuonyeshwa jengo jipya la maduka hapa Mbinga, lile la vioo, lililosimamishwa palepale lilipokuwa la zamani. Bwana mmoja wa tai alishika kipaza sauti akasema jengo la zamani lilikufa kwa sababu wazee wetu hawakujua biashara. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye kiti cha plastiki, mmoja wa hao wazee wasiojua biashara, na mikono yangu haikugusana.

Sasa nikueleze jinsi jengo lile lilivyokufa, maana nilikuwamo.

Mimi ni mtu wa Lundo, kule chini ziwani. Nilizaliwa katika harufu ya usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, unaokaushwa mchangani na sijawahi kuionea aibu. Niliolewa huku juu, Kitura, kwa Wamatengo, watu wa kahawa na mahindi na mashamba ya ngolo, yale mashimo wanayochimba kwenye miteremko ili mvua isishuke na udongo wao. Mama yangu alilia siku ninaondoka. Kwa mume hakuwa na shida, alililia baridi. "Utakula maharage mpaka ufe," aliniambia. Kwa hiyo nilipanda mlima na magunia ya usipa, na hivyo ndivyo biashara yangu ilivyoanza.

Jengo lilijengwa na wakulima wa kahawa wenyewe. Mawe yalibebwa kichwani kwa kazi ya kualikana, leo kwangu kesho kwako, na wanawake tukipika uji kwenye mapipa. Tuliliita Ghorofani, ingawa ghorofa ilikuwa moja tu. Ukiingia mlangoni, kitu cha kwanza ni meza za saruji zetu sisi wanawake wa samaki. Nyuma yetu duka la Anselm, shemeji yangu mkubwa, aliyeuza mabati, misumari na majembe. Kando yake hoteli ya Joakim, shemeji yangu mdogo, chai na wali na maandazi makubwa kama ngumi. Juu, barazani, mume wangu Kosmas na cherehani yake. Kosmas ndiye wa katikati kwao.

Hapa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo yule bwana wa tai alipopotea njia. Mkulima wa Kitura hashuki mjini kila wiki kununua bati. Bati likishapigiliwa, linakaa juu mpaka mtoto aliyezaliwa chini yake aoe. Lakini mboga huisha. Anashuka kutafuta usipa. Akiinama kuuchagua, jicho linaona majembe ya Anselm. Akinyanyuka, pua inasikia maandazi ya Joakim. Akishiba anakumbuka sare ya mtoto, anapanda kwa Kosmas. Usipa ndio uliokuwa ukiwashika watu mkono na kuwaingiza ndani. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Msimu wa kahawa walikuja mpaka watu wa Songea, na kwao maduka yalikuwa mengi kuliko yetu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulisifiwa sana. Kisha akaja meneja mpya, kijana msafi, ananukia sabuni, mwenye sauti ya upole kama ya mtu anayekupa pole. Akasema jengo linanuka. Akasema watu wa maana hawawezi kununua saa na redio mahali panaponuka samaki, na kwamba sisi wanawake wa ziwani tukae nje, kwenye uwanja wa nyuma, juani na mvuani.

Hakuitisha mkutano. Hilo uliweke moyoni. Aliwaita wenye maduka ofisini mmoja mmoja, akawakaribisha chai ya maziwa, akazungumza nao polepole.

Hapo lazima nikueleze desturi ya huku, nikiwa mgeni niliyeipenda kuliko wenyeji. Wanaume wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa mzee wao. Kila mke anapeleka chungu chake, na watu wakinyoosha mikono ndipo maneno ya ukoo yanaposemwa: nani anaumwa, nani ana ugomvi, shamba gani lilimwe kwanza. Wanaita sengu. Chungu kikishatua chini hakina tena mwenyewe. Aliyeleta nyama na aliyeleta majani, wote wanachovya mahali pamoja.

Lakini jengo lilipochangamka, sengu ya kwa baba mkwe wangu ilipoa. Anselm alikula dukani, tonge mkono mmoja na misumari mkono mwingine. Joakim alikula amesimama jikoni kwake. Kosmas wangu alisahau kula. Mzee akabaki na wajukuu, na vyungu vyetu vikawa vinarudi nusu. Sijui kama meneja aliujua ufa huo. Ninachojua ni kwamba alipita humo humo.

Asubuhi moja tulifika tukakuta meza zetu zimevunjwa kwa nyundo. Nyundo zenyewe, mwanangu, zilitoka dukani kwa Anselm. Tukahamishiwa uwanjani, na mvua ya masika haikungoja tuzoee. Usipa wangu ulilowa gunia kwa gunia, ukaanza kuchachuka mbele ya macho yangu, na wenzangu wa Lundo, wanawake waliopanda mlima ule na mizigo kichwani, wakakaa juu ya magunia yao kama wafiwa.

Jumapili iliyofuata, baba mkwe wangu aliwaita wanawe wote. Alikuwa mzee mfupi, mtulivu, mtu wa misa ya kwanza, asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi. Walikuja. Tukapeleka vyungu: maharage ya mke wa Anselm, maharage ya mke wa Joakim, na mimi majani ya maboga. Hatukupanga mgomo. Hapakuwa na usipa wa kupika.

Joakim alifunua vyungu kimoja kimoja, akacheka. "Shemeji, leo Kwaresima? Hata Kwaresima tunakula samaki. Usipa wa kwenu umekwenda wapi?"

Mzee alikuwa ameshanyoosha mikono kwa maji ya kunawa. Akairudisha mapajani.

"Mmeufukuza sokoni," alisema, "mnautafuta chunguni?"

Mjukuu aliyeshika birika la kunawia akabaki ameliinamisha, maji yanamwagika chini.

"Anselm. Ulikubali?"

"Baba, niliambiwa Joakim ameshakubali. Wenzako wote wameshakubali, umebaki wewe, ndivyo alivyosema. Ningebishana peke yangu?"

"Mimi?" Joakim akaruka. "Mimi niliambiwa Kosmas ameshakubali. Nikasema, kama mume wa mwenye usipa hana neno, mimi mkaanga maandazi ni nani?"

Wote wakamgeukia mume wangu. Nami nikamtazama, na nilimtazama vibaya. Kosmas alisema kwa sauti ndogo, "Niliambiwa kaka Anselm ameshakubali. Kaka akishasema, nivuke kauli yake?"

Umeona, mwanangu? Hapakuwa na wa kwanza. Kila mmoja alimfuata mwenzake aliyekuwa hajakwenda popote, kama mbwa anayekimbiza mkia. Na kilichowafunga midomo ni heshima, mambo mazuri tuliyowafundisha wenyewe: usimpinge kaka, usiingilie nyumba ya ndugu yako. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuvunja desturi zako. Anakaa juu yake tu na kunywa chai.

"Kutoka kwa Joakim mpaka kwa Kosmas ni ngazi," alisema baba mkwe wangu. "Kutoka kwa Anselm mpaka kwa Joakim ni ukuta, tena wa mbao. Hata kikohozi kinasikika. Hakuna aliyemwuliza mwenzake?"

"Kazi zilikuwa nyingi, baba," alisema Anselm.

"Anayekula peke yake hudanganywa peke yake. Ondoeni vyungu. Sitakula chakula cha watu wasiojuana."

Mke wa Anselm akajaribu kumbembeleza. "Baba, watoto wamekosa, lakini ugali haujakosa kitu."

"Ugali wapeni watoto," akasema. "Hawa wakale walikozoea."

Walikwenda kwa meneja kesho yake, safari hii wote pamoja, na walisema maneno makali niliyopenda kuyasikia. Meneja akawaambia kwa ile sauti yake ya pole, "Lakini wazee, mlikubali kwa vinywa vyenu." Ilikuwa kweli. Palipokuwa na meza zetu palikuwa na kabati la kioo limejaa saa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi tulihama uwanjani tukaenda kupanga usipa chini, kando ya stendi. Watu wa Kitura wakatufuata huko. Hawakuwa na haja ya kupita Ghorofani tena. Mtu mwingine wa maandazi akafungua banda karibu yetu, muuza majembe mwingine akatandika turubai, na ndani ya jengo saa za kabatini zikawa zinasomana zenyewe. Duka la saa likafunga. Joakim akafunga. Kosmas akabeba cherehani akaja kushona chini ya mwavuli wangu, na sikumwambia neno, Mungu ananiona. Anselm alikuwa wa mwisho. Alikaa mlangoni mwa jengo tupu, njiwa juu ya kichwa chake, kuvu ukutani, mawe yale yale waliyobeba baba zake. Sikufurahi. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa hiyo mtu asisimame na kipaza sauti kuniambia hatukujua biashara. Tuliijua. Kilichotushinda ni kwamba tuliulizwa kila mtu peke yake, tukajibu kila mtu peke yake, na tulioathirika hatukuulizwa kabisa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: jengo jipya ni zuri. Lina choo kisafi, lina umeme usiokatika hovyo, na barabara ya kutoka ziwani siku hizi ni lami. Nilishika ule ukuta wa kioo nikasema Mungu awabariki walioujenga. Kisha Alhamisi akaja mjukuu wangu Editha, aliyepata chumba cha kuuzia viatu, akanikuta napepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi. Wameniita ofisini. Wanataka wauza samaki wasiingie jengoni, wakae nyuma ya stendi."

"Marahaba. Ukasemaje?"

"Nimesema nitajibu Jumatatu. Wanasema wenzangu wote wameshakubali, nimebaki mimi."

Ungo ukanidondoka, mahindi yakasambaa, kuku wakashukuru. "Wote," nikamwambia. "Wote ni jina la nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha.

"Umemwuliza nani, Editha?"

"Sijamwuliza mtu, bibi. Kila mtu yuko na mambo yake mle ndani."

Sasa unajua hasira yangu inatoka wapi, na kwa nini nimekuita wewe, uliyepata chumba cha kuuzia simu mle mle alimo Editha. Nimeishi kuliona shimo lile lile likichimbwa upya, na safari hii limewekwa vioo. Wanawake wa Lundo bado wananyeshewa stendi, mabinti wa wale niliokaa nao juu ya magunia. Wakikosa nafasi chini ya paa hili, hawatapata nyingine katika maisha yangu. Na ninyi mlio ndani mtakaa na viatu vyenu, na simu zenu, na vioo vyenu, mkingoja wateja ambao ninyi wenyewe mmewafungia nje.

Usinielewe vibaya. Harufu ipo, sibishani na pua ya mtu. Lakini harufu ina dawa: maji ya bomba, mfereji, na dirisha kubwa. Jengo tupu ndilo lisilo na dawa. Hayo mkawaambie, tena kwa adabu, kwa sababu matusi yangewapa nafasi ya kutosikia.

Wala usidhani nakukatisha tamaa. Ninyi mna kitu ambacho wakwe zangu walikipoteza wakiwa nacho mlangoni: bado mko jirani, na Jumatatu bado haijafika. Kuleni pamoja. Hata kama ni chipsi, hata kama ni mihogo ya kuchemsha, tandikeni mkeka barazani mle pamoja, na mwiteni angalau mwanamke mmoja wa usipa akae katikati yenu na chungu chake. Neno likisemwa penye chungu kimoja, kila mtu hulisikia kwa masikio yake.

Mungu wa milimani na ziwani ni yule yule. Akubariki, mwanangu, biashara yako isikose mlango wala mteja, kinywa chako kisikose ujasiri, na usile peke yako mpaka uzeeni.

Sasa inuka. Kabla ya kumjibu mtu yeyote ofisini, nenda kwa jirani wa chumba cha kwanza, mwite kwa jina lake, umwulize: "Wewe ulikubali?" Ukitoka hapo, nenda kwa wa pili.