Jike wa Kutoka Sirisia

Mbwa wangu akiingia ndani hapa Kitale akiwa amenyeshewa, harufu ya manyoya yake hunirudisha Bungoma, siku baba alipoleta watoto wawili wa mbwa ili tuchague mmoja. Dume alikuwa wa kizungu, mwenye manyoya laini. Jike alikuwa wa kienyeji kutoka kwa nyanya, Sirisia, akinuka moshi wa jikoni.

“Tutafuga dume,” baba alisema. “Huyu jike atatujazia mbwa boma. Arudi kwa nyanya.”

Nilimkumbatia jike, kucha zake zikinikwaruza shingo.

“Baba, si hata mimi ni msichana? Basi nirudishe pia.”

Mama aliacha kuchambua mboga. Baba aliinama, akambeba dume. Sikumshusha jike mpaka nilipoona dume akitolewa langoni.