Mama Kanuni na Mpwa wa Mkurugenzi

Jina la Mama Kanuni alipewa kwa kejeli. Alikuwa karani wa kamati bungeni, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti, na mwenyekiti aliyetaka kuruka utaratibu alimkuta tayari amefungua kitabu cha kanuni. Mkurugenzi wa kamati, ambaye walianza kazi pamoja, alichukizwa sana na tabia hiyo. Siku moja bwana huyo alibadili maneno katika taarifa ya kamati ili kumfurahisha waziri, na wabunge walipokuja juu, akamsukumia karani lawama zote. Mama Kanuni akaondolewa kwenye kamati mbele ya wenzake, akapelekwa chumba kidogo nyuma ya maktaba kulea makarani wapya.

"Si unapenda kufundisha?" mkurugenzi alimwambia akitabasamu. "Kawafundishe watoto."

Mumewe alimsihi aache kazi. Hakuacha. Alifunga fundo moyoni, akafundisha kama mtu anayenoa panga. Aliwafunza vijana kumsikiliza mheshimiwa anayefoka bila kutetemeka, kuandika kilichosemwa na siyo kilichotamaniwa, na kusema hapana kwa adabu, kisha kunyamaza. Yeye mwenyewe aliigiza mbunge mkali, akiwapigia meza mpaka wengine wakalia. Aliwapenda, ndiyo. Lakini kila mmoja wao alipopanda cheo, moyoni alisema: huyu ipo siku atamkalia yule bwana kooni.

Kisha akaletwa binti wa dada yake mkurugenzi, katoka chuoni juzijuzi, sauti ndogo, viatu vikilia kila akitembea. Mama Kanuni aliona riziki imejileta mlangoni. Alimfundisha nusunusu makusudi, akamwacha akosee utaratibu wa hoja mbele ya wenzake, wakamcheka. Binti hakulia. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki, akaomba arudie.

Hapo Mama Kanuni akabadili nia. Kumharibu huyu kungekuwa kisasi cha kitoto. Akamshika barabara, akambana kuliko alivyowahi kumbana mtu.

Mwaka uliofuata binti alikuwa karani wa kamati ya ardhi. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamtaka aondoe kwenye taarifa ya kamati aya iliyomtaja rafiki wa waziri aliyejitwalia kiwanja cha shule. Binti alisema hapana, akanyamaza. Mjomba alifoka, akabembeleza, akafoka tena. Kesho yake, kwenye kikao cha kamati, akaigawa taarifa mwenyewe, aya ile haimo.

Binti akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, hii siyo taarifa mliyoipitisha."

Mkurugenzi akamwinamia sikioni, asijue kipaza sauti kimewashwa. "Kaa chini. Mimi ni mjomba wako."

Chumba kizima kikasikia.

"Nyumbani, shikamoo mjomba," binti akajibu. "Hapa mimi ni karani wa kamati."

Wabunge wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Uchunguzi ukaitishwa, na lile la zamani la Mama Kanuni nalo likafukuliwa. Mkurugenzi akapoteza kazi. Siku aliyobeba vitu vyake, Mama Kanuni alitoka kule nyuma, akasimama katikati ya ukumbi amtazame vizuri.

"Umefurahi?" mkurugenzi akamuuliza.

"Sana," Mama Kanuni akasema, wala hakumpisha. Ikabidi yeye azunguke na maboksi yake.

Jioni ile binti alikuja chumbani. Mama yake mzazi alikuwa hamsemeshi, na mama zake wadogo walimwita msaliti. Alikaa kwenye kiti alichozoea.

"Mama, ulinifundisha kwa ajili yangu, au kwa ajili ya mjomba?"

Mama Kanuni aliutafuta uongo mzuri, akauona, akauacha. "Kwa ajili yake."

Binti akaitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake. Kazini amekuwa hodari, na sasa ana vijana wake anaowalea. Wakikutana ukumbini humwamkia Mama Kanuni kwa heshima zote, ila chumba kile hakanyagi tena. Jambo hilo humuuma mwalimu wake mpaka leo. Lakini mumewe alipomuuliza kama angefanya vingine, hakusita hata kidogo. Alisema angemlipiza yule bwana kisasi vilevile, na mapema zaidi.