Kilio cha Dani Kwenye Sinema

Mlio wa ile mashine ya kupigia picha bado uko masikioni mwangu, mwanangu: trrrr, kama cherehani inayoshona bila uzi. Wazungu watatu walikuja nayo kijijini kwetu Kosele, miaka michache baada ya uhuru, kutengeneza sinema ya bei rahisi. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, mcheshi, kichwa kimejaa ndoto, na kwa Kiingereza changu cha kuokota nikawa mkalimani wao. Waliniahidi kwamba uso wangu utaonekana.

Walitaka mwanamke wa kulia kama matangani. Nikawapeleka kwa nyanya yangu, Dani, ambaye kilio chake kilijulikana mpaka Suna. Dani akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni kuwaonyesha tu watu wa mbali jinsi tunavyowaheshimu wafu wetu. Hayo niliyatunga mwenyewe. Nyuma ya gari lao nilikuwa nimeona chungu kikubwa na mafuvu ya karatasi, nikanyamaza.

"Mimi silii bure," Dani akasema. "Nitamlilia Okelo wangu."

Okelo alikuwa kitinda mimba wake, aliyekufa kwa homa. Akamlilia kwa majina yake yote ya sifa, machozi ya kweli, mashine ikizunguka.

Mwaka uliofuata sinema ikaonyeshwa Suna, Jumapili mchana, katika ghala lililozibwa madirisha kwa magunia. Nikampeleka Dani, najigamba njia nzima. Tukaona watu waliopakwa masizi wakizunguka chungu kama wala watu, na ndani yake mzungu wa kike amefungwa kamba. Sauti waliyokuwa wakiifuata kwa ngoma yao ilikuwa kilio cha Dani. Ghala zima likacheka. Kijana mmoja akasema, "Huyo mama ana njaa, mkatieni paja." Uso wangu haukuonekana hata mara moja.

Njiani Dani aliniuliza swali moja tu. "Nyakwara, uliwauliza kilio changu wanakipeleka wapi?"

Babu alipofariki, wanawake walimngoja Dani aanze. Alikaa kimya mpaka kaburi likafukiwa, wala hakumlilia mtu tena mpaka naye akafariki.

Basi, mwanangu, mtu akija kutaka kitu cha kwenu, muulize anakwenda kukifanyia nini, hata kama amekuahidi makubwa. Na ukiona kibaya, usikinyamazie kwa sababu ya ndoto yako. Mungu akujalie ndoto nyingi, ila akunyime ile inayolipwa kwa machozi ya mwingine.

Siku ya mazishi ya Dani, wageni walipokwisha kuondoka, nilipiga magoti kwenye kaburi la Okelo, nikang'oa magugu kwa mikono, nikamwomba radhi kwa kilio chake kilichochekwa.