Kopo Kwenye Mawe ya Bibi Milembe

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na waliokuwepo ni hawa: mimi baba yako mkubwa, wadogo zangu wawili, yaani Shija ambaye ni baba yako na Kabula shangazi yako, kisha Bibi Milembe, mwenye shamba lililozunguka yale mawe makubwa nje ya Tinde, na Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, pamoja na vijana wake wenye fimbo. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Jana uliniomba nikufundishe mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa. Nitakufundisha, lakini tuanzie hapo.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikaenda kwenye maduara ya Geita, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ili wadogo zangu wasome. Walisoma. Shija ndiye aliyeleta habari za mchezo. Alisema duniani kote watu huficha kopo dogo, hutangaza mtandaoni lilipo, na mwingine huongozwa na simu mpaka alipate. Msafiri mmoja wa baiskeli alikuwa ameacha moja Tinde.

"Ndani kuna nini?" nikamuuliza.

"Karatasi ya kuandika jina, na vitu vidogo vya kubadilishana."

"Basi?"

"Basi, kaka."

Sikuamini. Mtu aliyekaa Geita akisikia kuna kitu kimefichwa kwenye miamba, mikono yake inajua kazi moja tu. Nikabeba sululu. Kabula alinicheka njia nzima. "Kaka, tunaenda kucheza au kufungua duara?"

Simu ilitufikisha kwenye mawe, kisha ikaanza kuyumba, mara kulia, mara kushoto. Shija alikuwa amesoma kwamba mchezaji hutafuta kwa siri, asije mpita njia akaliharibu kopo. Basi tukanyata katikati ya mtama. Nikapiga sululu chini ya jiwe. Shija akaingiza mkono kwenye mwanya, akatoa kopo lililozungushiwa utepe mweusi. Hapo filimbi ya sungusungu ikalia, Mzee Masanja na vijana wake wakatuzunguka.

Hebu jiweke mahali pao. Wageni hawakubisha hodi, wananyata shambani kwa bibi anayeishi peke yake, wana sululu, na mmoja ameshika kitu cheusi kilichotoka kwenye mawe. Vijana walimkalisha Shija chini.

"Wachawi siku hizi wanatumia simu," mmoja akasema. Hakuna aliyecheka.

Nilijua mtu aliyeshikwa na kitu kama kile anaweza kufanywa nini. Na nilikuwa nimemwahidi mama, akiwa kitandani, kwamba hawa wawili nitawafikisha ukubwani.

Bibi Milembe akaja taratibu. Kabula akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie wa nani?"

"Ni yatima, bibi," nikajibu. "Hawa ni wadogo zangu. Mimi ndiye baba yao."

Akaitazama sululu. "Na baba mwenyewe anakuja kulima mawe yangu bila hata kunisalimu mwangaluka."

Mzee Masanja alitaka kopo lichomwe na Shija apelekwe mbele ya kijiji. Bibi akamzuia. "Utachoma usichokijua? Na kifunguliwe."

"Mama, usikisogelee," Mzee Masanja akasema.

"Umri huu kitaniua mara ngapi? Kijana, fungua wewe."

Shija akafungua. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, penseli fupi, kifungo na gololi ya bluu.

Mzee Masanja akaisoma karatasi, akaigeuza, akachungulia tena koponi. "Na dhahabu?"

"Hata kaka aliuliza," Kabula akasema.

Mzee Masanja akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe, na vijana nao wakacheka, fimbo zikawekwa chini.

Bibi aliipenda gololi. Shija akamweleza kwamba anayechukua huacha kitu, naye akafungua ushanga mkononi akauweka ndani. Kisha akatugeukia. "Mtama wangu mmeukanyaga, mtanilipa. Nataka kopo jingine hapa, la wajukuu zangu. Ila nyie msilifiche, mnanyata kama fisi. Atalificha mtoto atakayezaliwa kwenu, akishajua kubisha hodi."

Sasa sikiliza, mwanangu. Simu itakufikisha karibu tu. Ikianza kuyumba, iweke mfukoni utumie macho, ujiulize wewe ungeficha wapi. Usichimbe kamwe, kopo halifukiwi. Ukilipata, andika jina lako, na ukichukua kitu acha chenye thamani kama hiyo au zaidi. Chakula usiweke, wadudu na panya watalifuata. Lifunge, lirudishe pale pale. Usipolipata, rudi siku nyingine, si aibu. Kuhusu siri, wafiche wenye mikono mibaya ukiweza, lakini mwenye ardhi usimfiche. Kwetu huku, msalimie kwanza, mweleze, ndipo uiname kwenye mawe yake.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusalimia, na kila mlango utakaobishia hodi ukujibu karibu.

Bibi Milembe bado yupo. Kila nikienda kumpalilia mtama ananiuliza kama mtoto amekua. Kopo nimeshaliosha, liko juu ya kabati. Deni lake bado hatujalilipa, na mwenye kulilipa ni wewe.