Nilipeana password ya dispensari, mjomba akajua majibu ya damu kabla ya wagonjwa wenyewe

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Hii nimeikalia miaka mingi. Majina nimebadilisha na estate sitaitaja, lakini hayo mengine yalitokea hivyo, na mkosaji wa kwanza nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Kericho. Nilikuwa nimetoka kumaliza course ya computer pale town, zile za DOS, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Mjomba wangu alikuwa personnel officer, msimamizi wa ajira, kwa estate moja ya majani chai. Akaniingiza kama clerk wa dispensari ya estate.

Computer ilikuwa moja tu. Watu walikuwa wanapita dirishani kuiangalia.

Bosi wangu alikuwa Sista Rose, nurse-in-charge, mama wa maneno machache. Siku ya kwanza aliandika karatasi kwa mkono nikasaini: jina la mgonjwa halitoki hii ofisi. Nilisaini kama mtu anayesaini kuchukua uniform.

Mwaka huo wachumaji waliombwa damu ya kipimo cha ukimwi, kwa hiari. Mnakumbuka huo ugonjwa ulivyoogopwa wakati huo. Waliokubali walikubali kwa sababu Sista aliwaahidi siri.

Na alijipanga. Kila mtu alipewa namba kwa kadi yake. Damu ilienda hospitali kubwa na namba, majibu yakarudi na namba, akafungia kabatini. Orodha ya namba na majina ilikuwa ndani ya computer. Akanisomea namba za wale ambao mshauri wa hospitali angewaona kwanza akija, yaani waliopatikana na virusi, niziwekee alama. Wenyewe walikuwa hawajaambiwa kitu.

Kufungua hiyo orodha lazima uwe na password yangu.

Siku moja saa ya lunch, Sista akiwa ameenda kuangalia mama aliyejifungua, mjomba akaingia.

"Kibet, hiyo mashine yako inafunguliwa na neno gani?"

"Ya nini, mjomba?"

"Napanga leave za watu. Majina yote si iko huko?"

Ningesema angoje Sista. Lakini huyu ndiye alinitafutia kazi, na nyumbani akiongea mimi hunyamaza. Nikamwambia. Lilikuwa jina la dada yangu. Hata nilimwonyesha vile printer inawashwa, halafu nikaenda kunywa chai.

Mwisho wa mwezi contract za watu kumi na mmoja hazikuongezwa. Barua zilisema kazi imepungua. Wakuu, mvua ilikuwa imenyesha vizuri na majani yalikuwa yanalemea watu kwa shamba. Nani angeamini?

Kule laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, ilichukua siku moja tu watu kuunganisha maneno. Wote kumi na mmoja walikuwa wametoa damu. Wakaanza kuachiwa mfereji wa maji peke yao. Mtu akikaribia kujaza debe, wengine wanasogea.

Nilimwendea mjomba ofisini. Hakunificha.

"Wewe ndiye ulinipa," akasema. "Mimi sikuvunja mlango."

Nikarudi dispensari.

Siku mbili baadaye Mama Kemunto akaja kuchukua kadi ya clinic ya mtoto. Alikuwa mchumaji kutoka upande wa Kisii, na alikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja. Akaniwekea na kadi yake mwenyewe kwa meza. Niliangalia namba iliyoandikwa na Sista: 31.

Kwa computer yangu alikuwa 13.

Nikafungua orodha tena kuhakikisha. Nilipokuwa natype nilikuwa nimebadilisha namba za watu wawili. Ile alama niliyompa Mama Kemunto ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwa bado anachuma majani, contract yake mkononi.

Nikamwambia angoje. Nikaenda kwa Sista, nikafunga mlango na kumwambia yote, password na kosa la namba. Hakunipigia kelele. Alifungua kabati, akasoma kitabu cha majibu.

"Ni kweli," akasema. "Huyu mama hana kitu."

Alienda kwa manager saa hiyo hiyo, Mama Kemunto akingoja kwa bench. Aliomba wote kumi na mmoja warudishwe. Manager akamwambia hakuna sheria iliyovunjwa, contract ikiisha imeisha. Lakini kama mmoja aliwekwa kimakosa, arudi kazini kesho. Sista alete tu jina la yule mwenye hayo majibu, atoke mahali pake.

Sista akakataa.

Akarudi, akamwita Mama Kemunto ndani na kuniambia nisitoke. Alimwambia kwanza kwamba yuko mzima. Yule mama aliweka kichwa mezani, akalia kidogo bila sauti.

Mimi nikasema langu. Nikasema mimi ndiye nilitoa password na mimi ndiye nilikosea namba. Hakuniangalia.

Sista akamweleza masharti ya manager.

"Kwa hivyo nikirudi kazi, lazima mwingine atolewe," Mama Kemunto akasema.

"Ndiyo."

"Ni mtu wa laini yetu?"

Sista akageuka kuangalia kama kabati limefungwa.

"Usiniambie," Mama Kemunto akasema. "Nikijua, nitasema. Nina watoto watatu, Sista. Nitasema tu."

Akachukua kadi zake mbili, akaenda. Jumamosi alipanda gari na watoto na godoro, akarudi kwao. Huko laini hakusimama kujitetea, kwa sababu watu wangeanza kuuliza basi ni nani.

Mimi nilifutwa. Kosa lilikuwa ile karatasi niliyosaini, na barua ilikuwa na sahihi ya mjomba. Sista alifuta orodha yote kwa computer akarudi kwa kitabu na kufuli. Yule wa namba 13 aliitwa na mshauri faraghani, na aliendelea na kazi. Jina lake sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku hizi niko Bomet, naweka records za shule. Sheria ya data iko, na watu hufundishwa. Lakini wakuu, mwizi wa data niliyemwona mimi hakuwa hacker. Alikuwa mtu wa nyumbani aliyeuliza kwa upole, na mimi nikaona aibu kusema hapana. Ukipewa password ya watu, jizoeze hilo neno ukiwa peke yako, kwa sababu atakayekuomba ni mtu unayemheshimu.

Kuna kitu bado kinanisumbua. Wengine mtaona Sista alimwonea Mama Kemunto, kwa sababu alikuwa na haki ya kazi yake na hakuwa na kosa. Mimi mwenyewe kuna siku nakubali, na kuna siku nakataa.

Nyinyi mngelitoa hilo jina? Niambieni hapo chini, hasa mliowahi kufanya kazi hospitali. Matusi pia nitasoma.